Kabla ya Kufungua Injini, Tikisa Liva

Pikipiki ikifikishwa kwa fundi mjini Garsen na mwenyewe akalalamika kwamba gia zinachomoka, fundi mwenye haraka huanza kukadiria gharama ya gia boksi. Fundi aliyetulia huchuchumaa upande wa kushoto injini ikiwa imezimwa, akaishika ncha ya liva ya gia kwa vidole viwili na kuitikisa taratibu juu na chini. Liva ikitembea upana wa kidole kabla shafti inayotokeza kwenye injini haijaanza kugeuka, injini haina haja ya kuguswa siku hiyo. Kinachocheza ni kiungo cha nje, na kipuri chake hulipika kwa pato la safari chache.

Upana wa kidole unaonekana mwingi kwa ubovu mdogo, lakini hesabu yake ni nyepesi. Kwenye pikipiki nyingi za bodaboda, liva imevalishwa moja kwa moja juu ya shafti iliyochongwa meno madogo kuizunguka. Tuseme shafti ina kipenyo cha milimita 12, yaani kutoka katikati hadi kwenye meno ni milimita 6, na urefu wa liva hadi unapokanyaga mguu ni milimita 120. Uwiano ni moja kwa ishirini. Meno yakilika nusu milimita tu, ncha ya liva inapoteza milimita 10 ya mwendo. Mguu wenyewe, katika kubadilisha gia moja, huwa na sentimita mbili tatu za kutembea. Sehemu kubwa ya kukanyaga inaishia hewani.

Ndani ya injini mwendo huo uliopotea una kazi yake. Shafti husukuma ndoano, ndoano hugeuza ngoma yenye mifereji, na mifereji huongoza uma za chuma zinazosogeza gia huku na huku hadi vijino vya ubavuni vya gia moja viingie kwenye mashimo ya jirani yake. Kuna pia kigurudumu kidogo kinachosukumwa na springi, ambacho huituliza ngoma kwenye kila kituo. Ngoma isipofikishwa mwisho wa hatua, kigurudumu hicho huirudisha ilikotoka, au huiacha katikati: injini inanguruma, tairi halivutwi. Hali mbaya zaidi ni pale vijino vinaposhikana kwa pembe tu. Abiria wawili na gunia wakiwa juu, uzito unavisukuma viachane, pembe zinachongeka na kuwa mviringo, na kila mchongeko unaurahisisha ule unaofuata. Baada ya miezi ya kuvumilia liva inayocheza, kununua liva mpya hakutoshi tena. Sasa injini inapasuliwa kweli.

Garsen ina sababu zake za kuharakisha ubovu huu. Mji uko kwenye uwanda wa mafuriko wa Mto Tana, mto mrefu kuliko yote nchini Kenya, ambao hushuka kama kilomita 1,000 kutoka milima ya Nyandarua na Mlima Kenya hadi baharini karibu na Kipini. Maji yake ya rangi ya udongo yametandaza tope laini katika delta kwa karne na karne. Ndilo linaloilisha mipunga na miembe. Lami ipo, ya kwenda Malindi na ya kwenda Lamu, na liva haiumii sana ikibaki humo. Taabu inaanza bodaboda inapoacha lami kuelekea Ngao, Wema au Hewani, na magunia ya maembe au mitungi ya maziwa imefungwa nyuma kwa mipira. Mvua ikinyesha, udongo mweusi hunata kati ya liva na kifuniko cha injini. Jua likiwaka unakauka na kuwa mgumu, na liva haifiki tena mwisho wa mwendo wake hata kama meno ni mazima. Nimeona vijana wakiubandua kwa bisibisi, kipande kizima kikitoka na alama ya soli ya kiatu.

Kiangazi nacho kina lake. Vumbi lina chembe za mchanga wa kwatsi, na katika kipimo cha ugumu cha Mohs kwatsi ni 7, wakati chuma cha kawaida ni kati ya 4 na 5. Chembe hizo zikikutana na oili inayovuja kwenye sili ya shafti, mchanganyiko wake unafanya kazi ya msasa. Ndiyo maana kumwagia oili kiungo kilicho wazi bila kukisafisha kwanza ni kukiharibu kwa mkono wako mwenyewe. Mafuriko, kama ya El Niño ya 1997 na 1998, au ya mwishoni mwa 2023 yaliyokata barabara ya Lamu pale Lango la Simba, huongeza kutu. Waendeshaji walioburura pikipiki majini huwa wanaogopea plagi na kabureta, na wana haki, lakini wachache humkumbusha fundi kufungua liva.

Halafu kuna mtetemo. Injini ya silinda moja ikizunguka mara 5,000 kwa dakika inatikisa chuma zaidi ya mara 80 kila sekunde. Mhandisi Mjerumani Gerhard Junker alionyesha mwaka 1969 kwamba kinachofungua bolti kwa wepesi zaidi ni kule kuteleza kwa ubavu, pale vitu viwili vilivyobanwa vinaposogea kidogo kidogo, huku na huku, chini ya kichwa cha bolti. Liva ya gia inasukumwa namna hiyo kila gia inapobadilishwa. Bolti inalegea kidogo, meno yanaanza kugongana badala ya kubanwa pamoja, na kugongana huko kunazaa nafasi ya kugongana zaidi.

Hapa pana jambo ambalo mwendeshaji anaweza kuliona kwa macho. Shingo ya liva imepasuliwa upande mmoja, na bolti hupita kwenye ufa huo ili kuubana. Uangalie ufa wenyewe. Ukiwa bado una nafasi, kukaza kunasaidia. Kingo mbili zikiwa tayari zimegusana, bolti inaweza kukazwa hadi ikatike na shafti isibanwe hata chembe. Nguvu yote inaishia kuzikandamiza kingo zenyewe. Watu hurudi kwa fundi mara kwa mara wakisema amekaza vibaya, na kumbe amekaza vizuri kitu kisichokazika.

Tiba za jua kali ni nyingi. Kupanua ufa kwa msumeno wa chuma kunafaa, mradi meno ya shafti yenyewe yangali yamesimama. Ukanda wa bati la kopo la soda uliokunjwa ndani ya shingo unaweza kukufikisha Malindi, ukikanyaga kwa adabu. Kuchomelea liva kwenye shafti ndiko ninakokupinga waziwazi, ingawa ninajua kwa nini kunapendwa: gia hushika siku hiyohiyo. Joto la kuchomelea huiunguza sili ya oili iliyo sentimita chache tu kutoka hapo. Pia kwenye pikipiki nyingi kifuniko cha sproketi ya mbele hakitoki mpaka liva itolewe, kwa hiyo siku ya kubadilisha cheni na sproketi itabidi ukate ulichokichomelea. Ikiwa meno ya shafti yameisha, tiba ya kweli ni shafti mpya, na kwa injini nyingi hiyo inahitaji kufungua kifuniko cha klachi. Ni kazi ya mchana mmoja, si ya kupasua injini nzima.

Pikipiki kubwa za masafa zinazopita Minjila, karibu na Garsen, zikielekea Lamu zina ugonjwa huohuo kwa umbo jingine. Mpanda pikipiki hizo huketi huru, miguu mbali na gia boksi, kwa hiyo kati ya kanyagio na shafti kuna rodi yenye bolijointi kila ncha. Kila jointi ikicheza milimita 0.3, na kanyagio likiwa na urefu mara tano ya mkono wake mdogo, mguu utahisi milimita 3 za bure, kabla hujahesabu bushi ya kanyagio. Rodi hizi huwa na nyuzi za kulia ncha moja na za kushoto ncha nyingine, ili ukiizungusha rodi ipate kurefuka au kufupika bila kuifungua. Wengi huirefusha na kuifupisha wakitafuta raha ya mguu na kusahau pembe: rodi inavuta vizuri inapokutana na mkono wa shafti kwa digrii 90. Ikifika 45, karibu asilimia 30 ya nguvu inapotea.

Viungo vya namna hii viliwahi kuongezwa na sheria. Kubadilisha gia kwa mguu, hatua moja kwa kila mkanyago, kulipata umaarufu mwishoni mwa miaka ya 1920 kupitia Velocette ya Uingereza na mhandisi wake Harold Willis. Waingereza wengi waliweka liva kulia. Marekani ilipoagiza katikati ya miaka ya 1970 kwamba gia iwe kushoto, watengenezaji kadhaa walilazimika kuuvusha mwendo wa mguu hadi ng'ambo ya injini kwa shafti na rodi za ziada, na kila kiungo kipya kikaleta mchezo wake.

Si kila gia inayochomoka ni kosa la liva. Chora mstari mwembamba wa rangi kutoka shafti hadi shingo ya liva na uende kazini. Jioni mstari ukiwa umekatika, meno yanateleza. Ukibaki mzima na gia zote zikiwa nzito, kagua waya wa klachi kwanza, kwa kuwa klachi isiyoachia vizuri huzuia gia kuingia. Gia moja tu ikichomoka ukiwa na mzigo, nyingine zikiwa tulivu, hapo ndipo vijino vya gia hiyo au uma yake vinashukiwa kwa haki, na bei ya kupasua injini ina maana. Shafti ikichezacheza yote juu na chini huku oili nyeusi ikitiririka upande wa kushoto, bushi yake imelika, na sili mpya pekee itavuja tena baada ya muda mfupi.

Kwa aliyetoka matopeni, osha liva kwa maji na brashi, ikauke, ifungue, futa meno hadi yang'ae, paka grisi kidogo sana, irudishe kwenye jino lilelile na uweke tone la gundi ya bolti. Kisha simamisha pikipiki kwa stendi ya kati, mtu azungushe gurudumu la nyuma kwa mkono, nawe upite gia zote hadi ya juu na kurudi nyutro kabla ya kuiwasha.