Sarufi kama Kipimo cha Programu: Jinsi Kielelezo Rasmi Kinavyozaa na Kuongoza Majaribio

0. Utangulizi

Programu ya kompyuta inayosahihisha tahajia ya Kiswahili yaweza kupita majaribio mia moja na bado ikawa mbovu. Mtungaji wake akiijaribu kwa vitenzi soma, piga na andika, ataridhika. Lakini siku mwanafunzi atakapoandika «ninakula», huenda programu ikalikataa neno hilo na kumpendekezea «ninala». Kasoro hii haitokani na uchache wa majaribio, bali na namna yalivyochaguliwa. Makala haya yanaeleza njia nyingine: kuandika kwanza kielelezo rasmi cha mambo ambayo programu inapaswa kuyatenda, kisha kukiachia kielelezo hicho kizae majaribio na kuyaongoza.

1. Asili ya njia hii

Kielelezo rasmi ni maelezo yasiyo na utata, ambayo hata mashine yaweza kuyafuata. Kilicho rahisi zaidi ni otomata yenye hali zinazohesabika: kuna hali kadhaa, na mishale inayoonyesha ni alama gani inayoruhusu kutoka hali moja kwenda nyingine. Mnamo 1956 Edward F. Moore alichunguza jinsi mashine ya aina hii inavyoweza kupimwa kwa nje tu, yaani kwa kuipa alama na kutazama majibu yake. Mwaka huohuo Noam Chomsky alipima uwezo na upungufu wa vielelezo kama hivyo katika kueleza lugha. Baadaye njia hizo mbili zilikutana: mnamo 1972 Paul Purdom alitumia sarufi kuzalisha sentensi za kujaribia programu zinazochanganua lugha za kompyuta, na mnamo 1978 Tsun S. Chow alieleza jinsi ya kupata majaribio kutokana na otomata.

Kwa upande wa Kiswahili, Arvi Hurskainen wa Helsinki alionyesha mnamo 1992 kwamba mofolojia yake yaweza kuelezwa kwa kompyuta kwa kufuata nadharia ya ngazi mbili, iliyotolewa na Kimmo Koskenniemi mnamo 1983.

2. Mfano wa kitenzi

Tuchukue nafsi sita na njeo nne za -na-, -li-, -ta- na -me-, katika uyakinishi na ukanushi. Kitenzi kimoja kinatoa maumbo 6 × 4 × 2, yaani 48. Tukiongeza yambwa sita za nafsi, pamoja na nafasi ya kukosa yambwa, tunafikia 336, kabla ya kuondoa yale yasiyokubalika kama «nilinipenda», ambalo mahali pake ni «nilijipenda». Kwa vitenzi elfu moja idadi inapita laki tatu. Hakuna mtu atakayeyakagua yote.

Kielelezo kinapunguza kazi hiyo kwa kuweka kigezo: kila mshale upitiwe angalau mara moja. Tukiacha yambwa kando, mishale sita ya nafsi katika uyakinishi na sita katika ukanushi yahitaji maneno 12 tu, na njeo zote hugawanywa humohumo. Kisha vitenzi vya silabi moja kama -la na -nywa vinadai njia yao wenyewe, kwa sababu ku- hubaki katika «nimekula» na «sitakula», lakini haipo katika «sili» na «sijala». Hivyo maneno 24 yanatosha kupitia mishale yote ya aina hizo mbili, na aina ya maneno kama «ninakula» haiwezi kusahauliwa.

Aidha, kielelezo huzaa maneno mabaya kwa makusudi. Ukibadilisha mshale mmoja, «hasomi» huwa «hasoma». Programu inayolipokea neno hilo kama Kiswahili sanifu imeshindwa, sawasawa na ile inayokataa neno sahihi.

3. Kuongoza majaribio

Kielelezo hakiishii kutoa orodha. Majaribio yanapoendelea, huweka alama kwenye kila mshale uliopitiwa, na neno linalofuata huchaguliwa penye mshale ambao bado. Programu ikikosea katika «nimekula», kielelezo hutoa jirani zake: «amekula», «nilikula», «nimesoma». Majibu ya jirani hao huonyesha kama kosa liko kwenye nafsi, kwenye njeo, au kwenye silabi ya mzizi.

4. Mipaka

Edsger Dijkstra alikwisha kuonya kwamba majaribio huonyesha kuwapo kwa makosa, wala hayathibitishi kutokuwapo kwake. Kupitia kila mshale si kupitia kila mchanganyiko wa mishale. Zaidi ya hayo, kielelezo chenyewe chaweza kukosea. Programu na kielelezo vikitofautiana, hapana budi kuuliza ni kipi kati ya viwili kilichopotoka.

Hapo ndipo mwanaisimu anapohitajiwa. Kielelezo cha Kiswahili sanifu kitamhukumu msemaji wa Lubumbashi anayesema «minaenda» kuwa amekosea, ilhali yeye anafuata kanuni za Kiswahili chake. Mashine haijui tofauti hiyo. Inajua mishale iliyochorewa tu.

5. Hitimisho

Kuchora kielelezo ni kutamka waziwazi kile ambacho sarufi iliachia msomaji akikisie. Faida yake kwa mwanaprogramu ni majaribio machache yenye maana. Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, faida ni kwamba maelezo yake ya kitenzi hayabaki kwenye karatasi: yanawekwa kazini, na pengo lolote ndani yake hujitokeza mara moja.