Mali ya Ng'ambo na Pato la Nchi

Wasikilizaji, mtu aingiapo katika duka la Kasansa, kule Mpimbwe katika mkoa wa Katavi, huona vitu vya namna mbili vimekaa pamoja. Mchele na mahindi vimetoka katika mashamba ya bonde la Rukwa. Simu na betri zimetoka ng'ambo, zikashushwa bandarini Dar es Salaam, kisha zikabebwa mwendo wa zaidi ya kilometa 1,000. Leo twataka kuuliza: nchi yanunua kiasi gani kutoka nje, ikilinganishwa na mali yote iipatayo kwa mwaka?

Jambo lenyewe si geni. Zamani Wafipa walifuma nguo zao za pamba na kuyeyusha chuma chao wenyewe. Katika karne ya 19 ikaja merikani, nguo ya viwanda vya Marekani, ikaletwa Unguja kwa jahazi na merikebu, na kupelekwa bara vichwani mwa wapagazi. Ililipwa kwa pembe za ndovu, na vitanda vya mfumi vikaachwa kidogo kidogo.

Sasa tuijie hesabu. Tuseme nyumba moja hupata kwa mwaka mali ya shilingi 1,000,000, pamoja na chakula iliyojilimia, nayo hununua vitu vya ng'ambo vya shilingi 300,000. Jirani hupata shilingi 10,000,000, naye hununua vya shilingi 1,500,000. Jirani amenunua vingi zaidi. Lakini katika kila shilingi 100 za pato lake ni 15 tu, na wale wa kwanza ni 30. Hivyo ndivyo ilivyo Marekani. Hakuna nchi inunuayo ng'ambo kuliko hiyo, walakini mwaka 2022 manunuzi yake yalikuwa kama 15 katika kila 100, kwa kuwa pato lenyewe ni kubwa mno. Mwaka huo huo pato la Tanzania lilikuwa karibu dola milioni 75,000, na bidhaa na huduma zilizonunuliwa nje zilizidi dola milioni 15,000, yaani sehemu moja katika tano na kidogo zaidi.

Je, hesabu hii yaweza kupita 100? Yaweza. Manunuzi ya Singapore huzidi pato lake lote. Sababu ni kwamba pato la nchi ni ile thamani iliyozaliwa ndani ya nchi, na kitu kilichonunuliwa nje hakimo. Singapore hununua mafuta ghafi, huyasafisha, huyauza tena. Bei yote ya mafuta huandikwa katika manunuzi, bali katika pato huingia ile nyongeza ya kazi peke yake. Basi msidhani ya kuwa manunuzi ni kipande kilichokatwa katika pato. Ni vitu viwili vilivyowekwa kando kando. Na mafuta yapitayo Dar es Salaam kwenda Zambia au Kongo hayahesabiwi kuwa manunuzi ya Tanzania, maana hayo ni mali ya njiani.

Wako wadhanio kwamba hesabu ikiwa ndogo nchi imestawi. Mimi sikubali. Baada ya vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, na bei ya mafuta kupanda, Tanzania iliishiwa na fedha za kigeni. Manunuzi yakapungua, wala si kwa kupenda. Sabuni, nguo na sukari vikawa adimu, viwanda vikasimama kwa kukosa vipuri, na mahindi ya mkoa wa Rukwa, ambao Mpanda ilikuwa wilaya yake siku hizo, yalingoja magari yasiyo na dizeli wala matairi.

Tena sarafu nayo hupotosha kipimo. Mwaka 1985 dola moja ilibadilishwa kwa shilingi 17 hivi; mwaka 1987 ilihitaji zaidi ya 60. Shehena ile ile ikaandikwa kwa shilingi mara tatu na zaidi, ilhali bei za chakula na kazi za hapa nchini hazikupanda kwa kiasi hicho. Kipimo kikaruka, hata kama meli bandarini hazikuongezeka.

Kwa hiyo mimi hutazama zaidi kile kinunuliwacho. Jembe la trekta hurudisha bei yake shambani. Dizeli iliyowasha taa za mji wa Mpanda kwa miaka mingi iliteketea usiku ule ule. Na huko Dar es Salaam, tangu mwaka 2004, gesi ya Songosongo imeshika mahali pa mafuta mengi katika mitambo ya umeme. Mafuta ya kupikia ni kazi ngumu zaidi. Mwaka 2018 serikali ilianza kuhimiza upandaji wa michikichi huko Kigoma, lakini mti huo huchukua kama miaka mitatu au minne kabla ya kuzaa, na mawese ya Malaysia na Indonesia yangali yakishushwa bandarini.