Vitu vya Thamani katika Vifurushi vya Posta
Watumishi wa Serikali na wananchi wapelekao vifurushi Singida, Manyoni au Kiomboi wanakumbushwa wasitie ndani yake dhahabu wala fedha taslimu bila ya bima. Kifurushi kitokacho Unguja huvuka bahari, kisha hupita Dar es Salaam na Dodoma. Kikifunguliwa njiani, ni taabu kujua ni mkono gani uliokifungua. Uzito ulioandikwa wakati wa kupeleka ndio shahidi mkubwa. Mpelekaji aitunze stakabadhi na amjulishe mpokeaji uzito huo. Mpokeaji naye, akiona kamba au lakiri imeguswa, aombe kifurushi kipimwe mbele ya karani kabla hajatia saini. Aliyekwisha kutia saini (na wengi hutia kwa haraka) hudai kwa shida. Malalamiko yaandikwe kwa Shirika la Posta Tanzania. Yasipotatuliwa, yapelekwe Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania.