Mnyamavu Mbele ya Jopo

Kwenye mashamba ya maua yanayolizunguka Ziwa Naivasha kuna kazi inayomfaa sana mtu asiyependa maneno mengi. Mwenye kazi hiyo huitwa skauti. Hupita kati ya mabedi ya waridi, akageuza majani na kuyatazama upande wa chini kwa lenzi ndogo, akitafuta utitiri mwekundu, thripsi, ukungu, na viwavi vya yule nondo ambaye Umoja wa Ulaya humkagua kwa ukali kwenye waridi za Kenya. Anachokiona hukiandika bedi kwa bedi, na wapiga dawa huitegemea karatasi hiyo kupanga kazi yao. Kinachotakiwa ni macho, subira, na uaminifu wa kutojaza namba za kubuni jua linapokuwa kali.

Sasa tazama nafasi hiyo inavyopatikana. Kijana wa Ndabibi, au wa Kongoni, au wa Maiella, akitaka kukata maua hupitia langoni: anaonyesha kitambulisho, anaandikishwa, kibarua kinaanza. Hakuna anayemuuliza ana malengo gani maishani. Lakini nafasi ya skauti ikitangazwa, au ya karani wa stoo, au ya msimamizi wa pakihausi, anaitwa ofisini. Anakuta watu watatu nyuma ya meza, na wa kwanza anamwambia kwa Kiingereza: tuambie kukuhusu. Mwenye aibu hukwama papo hapo. Mtu anayeijua grinhausi yake kona kwa kona hushindwa kulitaja hata jina la ugonjwa anaouona kila wiki.

Wanaomtakia mema humwambia ajiamini. Ushauri huo haumsaidii, kwa sababu humwachia tatizo lilelile na kumwongezea la pili: sasa ana aibu, na anaona aibu kwamba ana aibu. Afadhali tuuchunguze usaili wenyewe, tuone unapima nini na unakosea wapi, ndipo tujue mnyamavu aweke nguvu zake wapi.

Wanasaikolojia wa kazi wamelipima jambo hili kwa miongo mingi. Swali lao ni rahisi kulieleza: alama anazopewa mtu kwenye mahojiano zinaendana kiasi gani na anavyofanya kazi baada ya kuajiriwa? Mwaka 2022, Paul Sackett wa Chuo Kikuu cha Minnesota na wenzake walizipitia upya hesabu za tafiti nyingi za nyuma. Kwa kipimo ambacho 0 ni kutoendana kabisa na 1 ni kuendana kikamilifu, mahojiano yenye mpangilio yalipata wastani wa 0.42. Hayo ni yale ambayo kila mwombaji huulizwa maswali yaleyale yanayohusu kazi, na kila jibu hupewa alama kwa kigezo kimoja. Mazungumzo huru, yale ya kuanza na habari za safari na kumalizia popote, yalipata 0.19.

Tofauti hiyo ni habari njema kwa mwenye aibu. Mazungumzo huru huzaa matunda kwa mcheshi. Msaili humpenda katika dakika za kwanza, kisha muda uliobaki hutafuta sababu za kuendelea kumpenda. Kwenye mahojiano yenye mpangilio, mcheshi na mnyamavu wote huulizwa utafanya nini ukikuta dalili hii kwenye jani, na ucheshi hauwezi kulijibu swali hilo. Shamba lenye busara lingekwenda mbali zaidi, likaweka majani matano mezani pamoja na lenzi, na kumwambia mwombaji aseme anachokiona. Hapo hata mwenye kigugumizi angepata haki yake.

Kwa hiyo kabla ya kuhofia sauti yako, uliza unakwenda kwenye usaili wa aina gani. Walimu wanaoomba kazi ya Tume ya Huduma za Walimu wanajua kwamba alama hutolewa kwa fomu maalumu, na kwamba vyeti na mwaka wa kuhitimu vina uzito mkubwa kwenye fomu hiyo. Mwalimu anayekosa usingizi kwa kuwaza atakavyotazamwa, huku hajahakikisha kwamba majina kwenye vyeti vyake yanalingana na ya kitambulisho, amehofia kitu kidogo akasahau kikubwa. Kazi za serikali kuu na za kaunti zinabanwa na kifungu cha 232 cha Katiba ya 2010, kinachotaka uajiri ufuate ushindani wa haki na sifa za mwombaji. Bila shaka kati ya kifungu na chumba cha usaili kuna umbali, na nitaurudia. Hata hivyo majopo hayo kwa kawaida hufika na maswali yaliyoandikwa, na maswali yaliyoandikwa ni rafiki wa mtu aliyejiandaa.

Runinga nayo imetupotosha kidogo. Tangu 2011, Tume ya Huduma za Mahakama ilipomsaili Willy Mutunga hadharani kwa nafasi ya Jaji Mkuu na kumuuliza hata kuhusu kipuli cha sikioni mwake, Wakenya wamezoea kuona usaili kama kesi: mtu mmoja kizimbani, makamishna wakimzunguka. Wengi huingia kwenye chumba cha meneja wa shamba wakingoja kuhukumiwa vivyo hivyo. Lakini somo la mahojiano yale lilikuwa jingine kabisa. Mwaka 2016 David Maraga, Msabato, aliposailiwa na tume hiyohiyo, aliulizwa ingekuwaje kesi ikiangukia Jumamosi. Alisema ingemwia vigumu sana kuketi siku hiyo, na kwamba angezungumza na majaji wenzake wampe nafasi. Lilikuwa jibu la wazi, lisilo na mapambo wala jitihada ya kumpendeza muulizaji. Akateuliwa Jaji Mkuu mwaka huohuo.

Kuna jambo ambalo vitabu vya ushauri kutoka Ulaya na Marekani hulipita bila kuliona. Kwetu, sehemu ya kinachoitwa aibu ni malezi mema. Mtoto aliyelelewa vizuri Ndabibi, awe wa nyumba ya Kikuyu, ya Kimaasai au nyingine, hafundishwi kumkazia mkubwa macho. Hafundishwi kuinua sauti mbele ya wazee, wala kukaa akihesabu sifa zake. Methali yenyewe inasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Halafu siku moja, akiwa na miaka 23, anaambiwa ajitembeze kwa nusu saa mbele ya watu wenye umri wa mama yake, na heshima yake inaandikwa kwenye fomu kuwa ni kutojiamini.

Sioni sababu ya kumtaka aitupe heshima hiyo mlangoni. Anahitaji tu kujua kwamba jopo halimwombi ajisifu, linamwomba atoe ushahidi. Kumwambia mzee kwamba wewe ni hodari ni majivuno. Kumweleza kilichotokea kitaluni mwezi wa pili na ulichofanya ni kutoa taarifa, na taarifa hutolewa kwa wakubwa kila siku bila mtu kuonekana hana adabu. Mnyamavu akiliona swali la “tuambie kukuhusu” kama ombi la taarifa ya kazi, ulimi hulegea kidogo.

Basi aandae taarifa tatu au nne za kweli kabla ya siku yenyewe. Tuseme ni mkataji anayeomba uskauti. Anaweza kusema: “Mwezi wa pili, mabedi yaliyo karibu na barabara yalianza kutoa majani yenye vidoti vya njano. Nilijua vumbi na joto huleta utitiri, nikageuza majani ya chini nikauona. Nilimwambia supavaiza asubuhi ileile, na mabedi manne yakatibiwa kabla haujaenea.” Ni sentensi tatu tu. Hazina sifa hata moja, lakini zimeonyesha macho, ujuzi na uwajibikaji. Aangalie pia asijifiche nyuma ya “tuliona, tulifanya, tulisaidiana.” Wanyenyekevu hupenda wingi huo, na jopo hubaki halijui yeye alifanya lipi.

Taarifa hizo zisemwe kwa sauti, si kusomwa kichwani. Kichwani kila mtu ni msemaji. Na asiwasimulie mama au rafiki wa karibu peke yao, kwa sababu aibu yake haipo hapo. Amtafute mtu wa umbali wa kati: mwalimu wake wa zamani, karani wa kanisa, mwenye duka la dawa za mifugo pale sokoni. Amwombe dakika kumi, wakae pande mbili za meza, na mtu huyo amuulize maswali. Mara ya kwanza itakuwa mbaya. Ni bora iwe mbaya hapo.

Kuhusu mwili unaotetemeka, mwenye aibu huamini kwamba kila mtu anaona jasho la viganja vyake. Kenneth Savitsky na Thomas Gilovich, katika utafiti uliochapishwa 2003, walikuta kwamba wazungumzaji huhisi wasiwasi wao unaonekana zaidi kuliko unavyoonekana kwa kweli, na kwamba waliodokezwa ukweli huo kabla ya kuzungumza walizungumza vizuri zaidi. Huko Kanada, Amanda Feiler na Deborah Powell waliwarekodi wanafunzi kwenye mahojiano ya majaribio, wakachapisha matokeo 2016. Vitendo vidogo vya woga, kama kugusagusa nguo, havikuwa na uzito ambao waoga huvipa. Kilichojitokeza ni kasi ya usemi: wenye wasiwasi walizungumza polepole. Na waliowapa wasaili picha ya kukosa uchangamfu na uthabiti ndio walioshuka alama.

Kwa hiyo ukijiandaa, usihangaike sana na mikono. Shughulika na sentensi ya kwanza ya kila taarifa. Ukiwa nayo tayari, mdomo huanza kwenda na zilizobaki hufuata kwa mwendo wa kawaida. Pale usipojua, sema “naomba nifikirie kidogo,” kisha ujibu. Ukimya uliotangulizwa na ombi hupokewa vizuri kuliko ukimya mtupu. Na uchangamfu si kucheka ovyo. Salamu kamili kwa kila aliye mezani, kwa taratibu, inatosha kuonyesha kwamba unafurahi kuwa hapo. Malezi yetu yanajua kusalimia, na hapo mnyamavu wa Ndabibi ana akiba ambayo hakujua ni mali.

Lugha ni mzigo wa pili uliofichwa ndani ya wa kwanza. Wengi wanaodhani wana aibu wana uhaba wa Kiingereza cha kuzungumza, na hayo ni mambo mawili yenye dawa mbili. Kiswahili ni lugha rasmi ya Kenya kwa mujibu wa kifungu cha 7 cha Katiba, na Sheria ya Ajira ya 2007 inaitaja lugha miongoni mwa mambo ambayo mwajiri hapaswi kuyafanya kigezo cha kumbagua hata mtu anayeomba kazi. Kwa nafasi ambayo kazi yake yote huendeshwa kwa Kiswahili, si kosa kusema, “Hili naomba nilieleze kwa Kiswahili ili lieleweke vizuri.” Kwa nafasi ya kuandikia wanunuzi wa Ulaya barua pepe, ombi hilo halitafika mbali, na ni haki lisifike.

Safari nayo ihesabiwe. Kutoka Ndabibi hadi mjini Naivasha ni boda, kisha matatu, na kwenye kiangazi vumbi jeupe hufika ofisini kabla yako. Aliyechelewa huingia akihema, na mwenye aibu anayehema hujiona ameshashindwa. Afike mapema, akiwa na kitambaa cha kupangusia viatu.

Linabaki lile ambalo nyumbani husemwa kwa sauti ya chini: huenda nafasi ilikuwa na mwenyewe tangu zamani. Kujuana kupo, na hakuna maandalizi yanayomshinda mpwa wa meneja. Hatari yake kwa mnyamavu ni ya aina yake. Mcheshi akikosa kazi, hulaumu jopo. Mnyamavu hujilaumu mwenyewe, akahesabu kila “eee” aliyoitoa, na tangazo jingine likitoka haombi. Ameshafanya hesabu kwa namba moja tu. Usaili mmoja hauwezi kumwambia kama tatizo ni sauti yake, vyeti vyake, washindani waliokuwa bora, au mpwa.

Njia ya kuvitenganisha ni kuuliza. Baada ya wiki moja ampigie mtu wa idara ya wafanyakazi, au apeleke barua fupi kama simu inamtisha: nilihudhuria usaili wa skauti, sikufanikiwa, naomba kujua ni sehemu ipi nilipungukiwa. Wengine hawatajibu. Akijibiwa kwamba hakueleza uzoefu wake vya kutosha, arudi kwenye zile taarifa alizoziandaa. Akijibiwa kwamba walitaka mwenye stashahada ya kilimo cha bustani, basi sauti yake haikuwa na kesi yoyote, na swali linalofuata ni la karo na chuo.