Kumtembeza Mgeni London: Mambo Yampasayo Mwanafunzi Kuyajua

Mwanafunzi aliye ng'ambo akipata habari kwamba rafiki yake wa nyumbani anakuja kumwona, hufurahi sana, kisha huanza kuhesabu. Furaha ni ya kuonana. Hesabu ni ya fedha. Kwa desturi zetu mgeni hupewa kilicho bora, na watu wa nyumbani hudhani kwamba aishiye Ulaya hakosi kitu. Lakini mwanafunzi mwenyewe anajua kwamba fedha alizo nazo ni za kodi ya chumba, chakula na nauli. Tena, sheria ya Uingereza hairuhusu wengi wa wanafunzi wa shahada watokao nchi za nje kufanya kazi zaidi ya saa 20 kwa juma wakati wa masomo. Basi afanyeje, asiaibike mbele ya rafiki, wala asikose kodi ya mwezi ujao?

Twataka kueleza jambo hili kwa mfano wa mwanafunzi mmoja wa Kenya aliyekuwa akisoma London. Alitembelewa kwa majuma mawili na rafiki yake wa tangu utoto, ambaye ni mwalimu wa shule.

FEDHA NA BEI

Siku ya kwanza mgeni alitaka kuona maduka, wakaenda Oxford Street. Njia hiyo ina urefu wa karibu kilometa mbili, na maduka yamepangana pande zote mbili. Lililo maarufu kuliko yote ni Selfridges, lililofunguliwa mwaka 1909. Mgeni alikuwa na orodha ndefu aliyopewa na jamaa: viatu vya mdogo wake, shuka, nguo za watoto, saa ya mjomba. Kila alipotazama bei aliigeuza moyoni kuwa shilingi, na hata kikombe cha chai kikamwia kichungu.

Zamani hesabu hiyo ilikuwa rahisi. Shilingi 20 za Afrika ya Mashariki zilikuwa sawa na pauni moja ya Kiingereza, na ndiyo sababu wazee wa Kenya walizoea kuita shilingi 20 "pauni". Novemba 1967 Uingereza ilipunguza thamani ya fedha zake, na pauni ikawa sawa na shilingi 17 na senti chache za Kenya. Tarehe 15 Februari 1971 Waingereza wakaacha kabisa kuhesabu kwa shilingi; tangu hapo pauni moja ina peni 100. Mambo yaligeuka baadaye, na katika mwaka 2024 pauni moja haikupungua shilingi 150 za Kenya wakati wowote. Basi yafaa mgeni apange kabla ya kutoka nyumbani kiasi atakachotumia, akibadili mara moja, kisha ahesabu kwa pauni tu. Akigeuza bei kila dukani, atachoka bure na asinunue hata kile anachokihitaji.

Katika maduka makubwa bei iliyoandikwa ndiyo bei, hapana kupatana. Kodi ya serikali, ambayo ni asilimia 20 kwa vitu vingi, imekwisha kutiwa ndani yake. Lakini vyakula vingi, vitabu na nguo za watoto havitozwi kodi hiyo, na kwa hiyo mgeni mwenye watoto nyumbani hufanya vema kuanza na hizo. Zamani mtalii aliweza kurudishiwa kodi alipoondoka nchini. Mpango huo ulikoma katika England, Wales na Scotland mwishoni mwa mwaka 2020, wala mtu asidanganywe kwamba atalipwa uwanja wa ndege.

Kila stakabadhi sharti itunzwe. Sheria ya mwaka 2015 humpa mnunuzi siku 30 za kurudisha kitu chenye kasoro na kudai fedha zake. Lakini kama ulikinunua dukani nacho ni kizima, ila wewe umebadili nia tu, mwenye duka halazimishwi na sheria kukipokea. Kwa upande wa vyombo vya umeme, iko faraja: plagi ya Kiingereza yenye meno matatu ndiyo hiyo hiyo itumikayo Kenya.

MADUKA YA WATU WA KIPATO KIDOGO

Siku hiyo mwanafunzi alifanya kosa. Alipoona rafiki yake anasitasita mbele ya jozi ya viatu, aliona haya, akatoa kadi yake akalipa. Jioni walikula hotelini, akalipa tena. Aliporudi chumbani aliona kwamba chakula chake cha majuma mawili kimekwenda kwa siku moja.

Kumbe ziko njia nyingine. Karibu kila mtaa wa London una maduka ya hisani, ambamo huuzwa nguo, vitabu na vyombo vilivyotolewa na watu bure, na faida husaidia wagonjwa, watoto au maskini. Koti zuri la baridi hupatikana humo kwa bei ndogo kuliko ya koti jipya. Nguo zisizouzika hufungwa marobota na kuuzwa nchi za ng'ambo, na Kenya ni mmoja wa wanunuzi. Ndiyo mitumba yetu. Mgeni alipoelezwa hayo alicheka sana, akasema, "Dada, kumbe nimevuka bahari kuja kununua Gikomba!"

Kadhalika yako masoko ya wazi. Petticoat Lane, lililo upande wa mashariki wa mji, hujaa watu Jumapili. Soko la Brixton, kusini ya mto Thames, lina viazi vikuu, ndizi za kupika, mihogo na bamia, kwa kuwa watu wengi wa visiwa vya Karibi walihamia huko tangu mwaka 1948, na Waafrika wakafuata. Jumapili pia ni vema kukumbuka kwamba maduka makubwa huruhusiwa kufunguliwa kwa saa sita tu, kati ya saa nne asubuhi na saa kumi na mbili jioni.

KUTEMBEA BILA GHARAMA KUBWA

Mabasi ya London hayapokei fedha taslimu tangu Julai 2014; abiria hugusisha kadi kwenye mashine. Akishalipa mara moja, aweza kubadili mabasi apendavyo bila kulipa tena, mradi apande la mwisho kabla saa moja haijapita. Mgeni akikaa ghorofa ya juu, kiti cha mbele, ataona mji vizuri kwa nauli ya kawaida. Reli ya chini ya ardhi ni ya haraka, nayo ni ya kwanza duniani, maana ilianza mwaka 1863. Lakini humo mtu haoni ila giza na matangazo.

Baadhi ya mahali maarufu, kama ngome ya Tower na kanisa la St Paul's, hutoza kiingilio kikubwa kwa watalii. Lakini makumbusho makuu ya taifa hayatozi kitu kwa maonyesho yao ya kudumu. British Museum lilifunguliwa mwaka 1759, na humo limo jiwe la Rosetta lililotoka Misri, lenye maandishi ya namna tatu, ambalo liliwawezesha wataalamu kuyasoma maandishi ya kale ya Wamisri. National Gallery, nyumba ya picha, iko Trafalgar Square, mbele ya mnara wa Nelson. Na huko Greenwich bustani ni wazi kwa wote; hapo ndipo hupita mstari ambao dunia ilikubali mwaka 1884 kuuhesabia saa zake. Saa za Kenya huutangulia kwa saa tatu.

Mkenya ana sababu nyingine ya kutembea London. Katika mtaa wa Pimlico, nyumba namba 95 ya Cambridge Street ina kibao cha buluu kisemacho kwamba Jomo Kenyatta aliishi humo miaka ya 1930, alipokuwa mwanafunzi. Karibu na St James's Park iko Lancaster House, ambamo wajumbe wa Kenya walijadili katiba katika miaka ya 1960, 1962 na 1963, kabla ya Uhuru wa tarehe 12 Desemba 1963. Kusimama njiani na kuzitazama nyumba hizo hakuna malipo. Mgeni wetu alikaa kimya kitambo mbele ya kile kibao, kisha akasema kwamba atawaeleza wanafunzi wake.

KUSEMA KWELI

Jioni ya siku ya tatu mwanafunzi alimwambia mwenziwe hali yake: kodi ni kiasi hiki, mshahara wa kazi ya jioni ni huu, kilichobaki ni hiki. Aliogopa kudharauliwa. Lakini rafiki yake alijibu, "Dada, mbona hukuniambia tangu mwanzo? Nyumbani tulidhani unaokota." Waswahili husema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Tangu hapo mgeni alinunua mboga Brixton, akapika, na viatu akalipa mwenyewe.

Faida kubwa ilionekana baadaye. Mwalimu aliporudi aliwaeleza wazazi wa mwanafunzi jinsi mtoto wao anavyoishi, na maombi ya fedha na zawadi yaliyokuwa yakija kila mwezi yakapungua. Mwanafunzi akaweza kulipa ada ya muhula kwa wakati wake.

Kwa hiyo mwanafunzi mwenye mgeni na amtengenezee mahali pa kulala, amwonyeshe mji, na amweleze hesabu yake siku ya kwanza, si siku ya tatu. Naye mgeni asafiri na fedha za matumizi yake, na orodha ya jamaa aipunguze kabla ya kupanda ndege.