Mfuko wa Gazeti: Una Nguvu Wapi, Una Hatari Wapi

(Mazungumzo ya juma hili, kama yalivyosomwa redioni)

Juma lililopita niliahidi kuzungumzia mifuko ya karatasi inayotengenezwa nyumbani kwa magazeti ya zamani, na leo natimiza ahadi. Sitaanza na sifa zake, maana sifa zimekwisha kutolewa nyingi mno. Tangu Juni 1, 2019, mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipopigwa marufuku Tanzania Bara, semina za akina mama na za vijana hazikosi somo la mifuko ya karatasi. Wenzetu wa Rwanda walichukua hatua hiyo mwaka 2008, na Kenya ikafuata Agosti 2017. Ile tuliyozoea kuiita "rambo" ikaondoka, nasi tukakumbuka kwamba duniani kuna kitu kinaitwa karatasi.

Tatizo ni kwamba mwanasemina hurudi nyumbani na mfuko mmoja mzuri mkononi, akaenda kutengeneza mia moja, na ule wa kwanza aliouuza ukapasukia njiani na vitunguu vya mteja. Mteja huyo harudi tena. Kabla ya mkasi na gundi, basi, hapana budi tuijue karatasi yenyewe.

Chukua ukurasa wa gazeti uupasue kwa mkono kutoka juu kwenda chini. Kisha chukua mwingine uupasue kutoka kushoto kwenda kulia. Utaona kwamba upande mmoja mpasuko unanyooka kama uliopigiwa rula, na upande wa pili unakwenda upogo, wala huwezi kuuongoza. Sababu ni hii: karatasi ni nyuzi za mti zilizopondwa zikawa rojo. Kiwandani rojo hilo humiminwa juu ya wavu unaokwenda kasi, na nyuzi nyingi hulala kufuata mwendo wa wavu, kama magogo yanavyolala kufuata mkondo wa mto. Kwa hiyo karatasi ina njia yake ya nyuzi. Ukiivuta kwa njia hiyo inastahimili zaidi kuliko ukiivuta kwa kuikata njia hiyo, na pia hukunjika vizuri zaidi.

Mzigo wa mfuko unavuta kutoka juu kwenda chini. Basi nyuzi nazo zisimame, zitoke mdomoni mwa mfuko ziende kitakoni. Usikisie kwa kutazama maandishi. Katika magazeti mapana nyuzi husimama pamoja na safu za maneno, lakini katika magazeti madogo, ambayo ndiyo mengi siku hizi, aghalabu ni kinyume, kwa kuwa kurasa zake huchapwa zikiwa zimelazwa. Pasua moja la majaribio, chora mshale kwa penseli, kisha kunja ukifuata mshale. Picha za wakubwa zitalala ubavu kwenye mfuko wako, na hilo halimdhuru mtu.

Tumia karatasi mbili kwa pamoja, ukizibandika moja juu ya nyingine kwa gundi nyembamba. Kitako kiwekee kipande cha boksi kwa ndani, na ukingo wa juu ukunje mara mbili kabla ya kutoboa tundu za kamba ya katani, maana hapo ndipo mfuko unapoanza kupasuka. Ukishakauka, jaza kilo moja ya mchanga, utundike msumarini usiku kucha. Ukiamka ukaukuta mzima, ongeza nusu kilo. Hapo tu ndipo utakapojua umwambie mteja mfuko wako unabeba nini.

Gundi ya dukani italimeza faida yote. Bibi zetu walitumia uji, nao unatosha kabisa. Kikombe kimoja cha unga wa muhogo au wa ngano, vikombe vitano vya maji. Unga uuvuruge kwanza katika kikombe kimoja cha maji baridi mpaka mabonge yaishe, na vile vinne vichemke pembeni. Mimina polepole huku ukikoroga, kwa moto mdogo, mpaka weupe ule wa maziwa ugeuke ute unaong'aa kidogo. Ni punje za wanga zinazovimba na kupasuka kwa joto. Kabla ya hapo hazishiki kitu. Pika wa kutosha siku hiyo tu, kwani kwa joto la Pwani kesho yake utakuwa umechacha. Paka kidogo. Gundi nyingi ni maji mengi, na karatasi iliyolowa haina nguvu. Kausha kivulini, ukilalia ubao juu yake isijikunje. Mifuko iliyokauka ihifadhi kwenye debe lenye kifuniko, maana gundi hiyo ni chakula, na mende wanalijua hilo kabla yako.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nichague mada hii. Wengi wetu tumekulia karanga na maandazi yaliyofungwa kwenye gazeti, na wapo waliojifunza kusoma kwa karatasi hizo hizo. Mimi mwenyewe nimewahi kumaliza karanga zangu nikakuta nimeshika ripoti ya shule ya mtoto wa mtu, alama zake zote na maneno makali ya mwalimu. Hilo la siri za watu nalo lina uzito wake, lakini la afya ni kubwa zaidi. Wino wa gazeti haukauki kama rangi ya ukutani. Hunywewa tu na karatasi, na ndiyo sababu vidole huwa vyeusi ukimaliza kusoma. Umetengenezwa kwa rangi na mafuta ambayo hayakukusudiwa kuliwa. Weka juu yake andazi la moto linalochuruzika mafuta, au chipsi, na joto na mafuta hayo yatauvuta wino uingie kwenye chakula. Desemba 2016 mamlaka ya usalama wa chakula ya India, nchi yenye desturi hii kama sisi, ilitoa tahadhari kwa wananchi waache kufungia vyakula kwenye magazeti. Sioni kwa nini sisi tungoje zaidi.

Mifuko ya saruji nayo ni karatasi imara ya kaki, kwa kuwa nyuzi zake ni ndefu na hazikusagwa kama za gazeti. Inafaa kwa mkaa, misumari, hata kwa kujalidia madaftari. Lakini vumbi la saruji huunguza ngozi na macho, na kuikung'uta hakuliondoi lote. Isiguse chakula cha namna yoyote, wala usimpe mtoto kazi ya kuikung'uta.

Anayeuza vitafunio afanyeje? Gazeti libaki nje kama mfuko, na ndani yake uweke jani la mgomba lililooshwa na kupitishwa motoni kidogo lilainike, au karatasi nyeupe safi ambayo haijaandikwa. Samaki na nyama mbichi usivitie kwenye karatasi kabisa. Pakacha lipo, na husukwa kwa muda mfupi na mtu mwenye mazoea.

Nimebakiwa na suala la fedha, ambalo semina hulipita mbiombio. Karatasi ya gazeti ina uzito wa gramu 45 hivi kwa kila mita moja ya mraba. Karatasi moja ya gazeti dogo ikikunjuliwa, yaani kurasa mbili zilizoshikana, inakuwa gramu 10 hivi. Kwa karatasi mbili kila mfuko, kilo moja ya magazeti itakupa mifuko midogo isiyozidi 50. Tuseme kila mfuko unakula dakika nne mpaka kuisha. Hizo ni saa tatu na zaidi, mbali na muda wa kupika gundi na kungoja ikauke. Sasa weka bei ya mifuko 50 sokoni kwako, toa bei ya kilo ya magazeti, unga, mkaa na kamba, kisha kinachobaki ukigawe kwa saa hizo. Kama hakifiki ujira wa kupalilia shamba la jirani, mwanamke mjane asiambiwe kwamba hiyo ni biashara. Atengeneze ya matumizi yake na ya genge lake mwenyewe, ambako inamwokolea gharama. Mashine ya kiwandani hataishinda kwa bei.

Waliofanikiwa na karatasi ya mkono, kwa ninavyoona, waliuza kitu ambacho mashine haikitengenezi. Kituo cha Neema Crafts cha Iringa kilianza mwaka 2003 na vijana watatu viziwi waliotengeneza karatasi kwa kinyesi cha tembo. Usicheke. Tembo husaga tumboni chini ya nusu ya anachokula, na kinachotoka kimejaa nyuzi za majani na magome. Huoshwa, huchemshwa sana, hupondwa, kisha huchujwa kwa wavu na kukaushwa, kikawa karatasi ya kadi za salamu. Mnunuzi wa kadi hiyo hapimi bei yake kwa gramu. Vivyo hivyo Kampala, akina mama hukata magazeti ya rangi kwa pembetatu ndefu, wakazisokota kwenye kijiti na kuzipaka vanishi zikawa shanga.

Hizo shanga nitazieleza juma lijalo, hatua kwa hatua. Wekeni tayari kalenda ya mwaka jana, rula, na njiti ya mfagio wa chelewa.