Mnanaha: Jani la Kifua Linalovuruga Akili

Likizo ikiisha, masanduku hurudi Ghuba yamejaa samaki wakavu, viungo vya pilau na vifurushi vya majani "ya kifua" kutoka kwa bibi. Hapa Al Wakrah, kusini mwa Doha, ninakofanya kazi ya uuguzi, vumbi na unyevu wa bahari huwasumbua wenye pumu. Ndiyo maana akina mama wenzangu huniuliza: mnanaha una ubaya gani? Vijana nao wana swali lao. Wamesikia kwamba ukila mbegu zake "unaona mambo". Nawajibu wote pamoja, kwa sababu mmea ni mmoja na sumu ni ileile.

Mnanaha ni ule mmea unaoota majalalani na kando ya mashamba, wenye maua kama tarumbeta na tunda la miiba. Wataalamu huuita Datura. Kuanzia jani hadi mbegu una atropini na skopolamini.

Bibi zetu hawakuwa wajinga. Moshi wa majani haya ulitumiwa kutibu pumu katika nchi nyingi, na kweli atropini hulegeza misuli ya njia za hewa. Hata ipratropiamu, dawa ya kuvuta tunayotumia hospitalini, ni jamaa yake. Lakini hiyo ina kipimo, na haipenyi kirahisi hadi kwenye ubongo. Jani halina kipimo. Mimea miwili iliyoota pamoja inaweza kutofautiana sana kwa nguvu.

Sasa tuone sumu hii inavyofanya kazi. Neva hupelekeana ujumbe kwa kemikali, na mojawapo ni asetilikolini. Ndiyo inayoamuru mate yatoke, jasho litiririke, mboni ya jicho inywee, utumbo na kibofu vifanye kazi, na moyo usiende mbio. Katika ubongo hutusaidia kuwa makini na kukumbuka. Sumu ya mnanaha hukaa kwenye vipokezi vya kemikali hiyo na kuizuia isifike. Kinywa hukauka, mboni hupanuka, ngozi huwa nyekundu na ya moto, mkojo hugoma, moyo hudunda kwa kasi. Kisha akili huvurugika.

Vijana, hapa nisikilizeni vizuri. LSD na uyoga wa maruweruwe hupitia njia nyingine, ya serotonini. Zina hatari zake, lakini mtumiaji mara nyingi anajua kwamba anachokiona kimeletwa na dawa. Aliyekula mnanaha hajui. Huongea na mtu asiyekuwepo, huokota vitu hewani, anaweza kutoka nje na kuingia barabarani. Baadaye huenda asikumbuke chochote. Na kwa kuwa utumbo umepunguza mwendo, sumu inaweza kukaa mwilini siku nzima au mbili.

Si lazima mtu aitafute sumu hii. Mwaka 2019, huko Karamoja, Uganda, watu karibu 300 waliugua na 5 wakafariki baada ya kula unga wa lishe wa msaada. Uchunguzi ulikuta atropini na skopolamini ndani ya unga huo, na Mpango wa Chakula Duniani (WFP) ukasimamisha ugawaji wake. Mnanaha huota kama magugu kati ya mazao, na mbegu zake huweza kuvunwa pamoja nayo.

Kwetu huku Ghuba kuna hatari ya ziada. Mwezi Julai joto hupita nyuzi 40, na kinachotuokoa ni jasho. Mnanaha hulizuia jasho. Mtu aliyechanganyikiwa, asiyetoka jasho, akizurura juani, mwili wake unaweza kupata joto la kuua kwa muda mfupi.

Ukiona dalili hizi, piga 999 mara moja. Mweke mgonjwa mahali penye ubaridi, mwanga hafifu na utulivu, na usimwache peke yake. Usimtapishe, wala usimpe maziwa au dawa nyingine ya nyumbani. Chukua mabaki ya majani au mbegu uende nayo hospitali, na useme ukweli wote, hata kama unaona haya. Sisi wauguzi tunahitaji kujua alichokula na saa aliyokula. Hospitalini tutauangalia moyo wake, tutampoza na kumtuliza, na ipo dawa ya kupinga sumu hii ambayo daktari anaweza kuamua kuitumia.

Mwenye pumu nyumbani awe na pampu yake, na aende nayo likizo. Bibi akikupa kifurushi cha mnanaha, kipokee kwa heshima, mwombee dua, halafu kiache hukohuko.